Mwaka Bibi Alipoomba Salum Akose

Salum kaja Ibra, huku kwetu Oman, majira haya ya baridi, baada ya miaka chungu nzima ya kutuambia mwakani, mwakani. Kaja na kipara, na kitambi cha mtu aliyepumzika, na binti yake mkubwa ambaye kampa jina la bibi yetu, Zayana. Niliwaandalia chakula cha mchana ukumbini kwangu, chini kwenye zulia kama tulivyozoea: wali wa nazi, kuku wa kupaka, na mkate wa kumimina ulioungua kidogo chini kwa sababu nilikuwa nikipiga soga badala ya kuangalia jiko. Yule mtoto Kiswahili chake ni cha kubahatisha, anasema "kuku hii tamu", lakini anakula kwa adabu na kila kitu anauliza. Tulipofika kwenye kahawa akaniuliza habari za huyo bibi aliyepewa jina lake. Kabla sijafungua mdomo Salum akadakia. "Bibi ndiye aliyenifanya nikachukua kombe," akamwambia, mkono kauweka kifuani. "Yeye yuko hapa Ibra, mimi niko Kanada, na kila mechi akiomba dua. Kila mechi! Hakuiacha hata moja."

Kahawa ikanipalia. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, Salum ananipigapiga mgongoni, mtoto anakimbilia maji. "Una nini wewe Zuwena?" Sina kitu, nikamwambia. Lakini mimi tokea utotoni si mtu wa kumeza neno, na wanaonijua wanajua. Nikasema, "Ni kweli aliomba, mwana wa ami. Wala hakuiacha hata moja. Ila kwani hukuambiwa alikuwa akiomba nini?" Akanikodolea macho. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwambia. Sisi wachache tuliojua, kila mmoja alidhani mwenzake keshamwambia. Basi nikamhadithia mpaka adhana ya alasiri, na yeye akinikatiza kila nikivuta pumzi. Haya ninayoyaandika ni yale yale, pamoja na mengine yaliyonijia walipokwisha kuondoka, nilipokuwa nikiosha vyombo peke yangu na kucheka.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nimepangiwa skuli ya wasichana hapa hapa Ibra, na skuli bado haijafunguliwa. Baba alinileta kutoka Sur nikae na Bibi kwa sababu Bibi alikuwa ametoka hospitali kutolewa mtoto wa jicho, na daktari kamkataza moshi wa jikoni, kubeba kitu kizito, na wanja. Katika yote hayo lililomuuma ni wanja. Chumba chake cha kukaa nakiona mpaka leo: magodoro ya kukalia yamezunguka kuta tatu, mito ya mahameli, chetezo cha udi pembeni, na ukuta wa nne kabati la vioo lililojaa vikombe vya kahawa ambavyo hajapata mtu kuvinywea. Juu ya kabati, televisheni imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Dirisha lilitazama mitende na mfereji wa falaji unaoinywesha. Kiyoyozi kikinguruma mchana kutwa, na kila kikizima chenyewe Bibi alikuwa akisema, "Kimechoka maskini, kiacheni," na sisi tukikaa tunavuja jasho kwa heshima ya kiyoyozi.

Salum alilelewa na Bibi katika nyumba ile mpaka wazee wake walipomchukua wakaenda kuishi Kanada, naye wakati huo ndevu ndo kwanza zinamchomoza. Hayo yanatosha. Huko akawa mchezaji mpira wa kulipwa, na mwaka ule ndio wa kwanza kwake katika timu kubwa. Alikuwa akimpigia Bibi simu kila Ijumaa baada ya sala, na Ijumaa moja, msimu haujaanza, nilikuwa nimekaa karibu na Bibi nikasikia kila neno, maana Bibi alikuwa akiishika simu mbali na sikio. "Bibi, nipe mwaka mmoja tu," Salum anasema. "Kocha kaniahidi, tukichukua kombe ananibakisha. Tusipochukua anatafuta mpigaji mwengine, na mimi nakata tiketi nakuja kwako. Wallahi nakuja." Ami Nassor, ndugu wa baba zetu, alikuwa keshamtafutia Salum nafasi katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, kazi ya kudumu, na meza yake, na kilichobaki ni yeye mwenyewe kuja kukaa. "Haya baba, nimekupa mwaka," Bibi akamwambia. Akaweka simu, akanigeukia na macho yake mapya. "Umesikia, Zuwena? Wakishindwa, mwanangu anarudi." Na uso wake wote ukakunjuka kwa furaha.

Tangu siku ile sikuwa na shaka anataka nini. Bibi hakuwa mtu wa kuficha. Siku ya pili yake alimwita mpaka rangi kupaka chumba cha juu, akanunua godoro jipya, na mapazia ya kijani, na kila akipanda ngazi kwenda kuangalia akishuka anapumua kwa nguvu na kusema mtoto atalala vizuri humu, upepo unaingia. Mimi nilikuwa upande wa Salum, nilisema tokea mwanzo mbele ya uso wake. Mimi nilisoma ualimu kwa sababu Baba alisema ualimu, na wala sijuti, lakini umri ule kulikuwa hakuna mtu wa kwetu niliyemjua ambaye kajichagulia mwenyewe jambo la ajabu hivyo na likamkubali. Nilitaka amalize. "Wewe taka lako," Bibi akanambia, "na mimi nitaomba langu. Tutaona nani anasikilizwa."

Sasa, sisi tulipoambiwa mpira, tulielewa mpira huu wetu wa miguu. Bibi alikwisha kuutangazia mtaa mzima, na kule soko la wanawake la Jumatano hakuna muuza lesi wala muuza bukhuri asiyejua kuwa mjukuu wa Bi Zayana anacheza mpira Kanada. Mama yake Salum alikuwa akizirikodi mechi kwenye kaseti za video na kututumia kwa posta, na ilipofika ya kwanza Bibi akaalika watu, nikakaanga sambusa mpaka mikono ikaniwaka. Tukavua televisheni kitambaa chake. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku, mtu anaukumbatia kifuani anakimbia nao, na wenzake wakubwa kama makabati wanamrukia juu. Wanasimama, wanapanga mstari, wanarukiana tena. Bi Faiza, jirani yetu aliyerudi na mumewe kutoka Mwanza, na ambaye hawezi kumaliza sentensi bila ya kutia Kiingereza kidogo, ndiye aliyesema kwanza: "Hii si futboli hii. Hii ni seriasi, ni vita." Bibi akauliza, "Salum yuko wapi?" Salum alikuwa kakaa benchi. Alikaa benchi nusu ya kaseti. Kisha akainuka, akaingia akikimbia, mwenzake akamshikilia mpira chini, akaupiga teke moja ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu, akatoka akarudi kukaa. Wageni wakamtazama Bibi. "Ndo kazi yake hiyo?" Bibi akasema. "Anaingia, anapiga teke, anatoka? Na baridi yote ile? Teke hilo hata hapa nyuma ya nyumba si angelipiga!" Chumba kizima kikaangua kicheko, na wageni waliotuonea haya wakatusamehe.

Salum hapo akanikatiza. "Si rahisi hivyo," akasema, na nikaona kuwa mpaka leo linamuuma. Akaanza kumweleza binti yake habari za upepo na pembe ya mguu. Nikamwacha amalize, nikamtilia kahawa nyengine.

Kaseti ikitoka Kanada mpaka sanduku letu la posta inachukua kama wiki mbili. Hii maana yake, mechi tunayoitazama sisi imekwisha zamani, washindi wamekwisha kulala na kuamka na kucheza nyengine. Bibi hakulikubali hilo. Akaweka sharti, na sharti lake likamfunga kila mtu, pamoja na Salum mwenyewe kwenye simu za Ijumaa: mtu asimwambie matokeo mpaka aone kwa macho yake. Asiyeyaona, kwake hayajatokea. Na kila nikitia kaseti alikuwa na tasbihi mkononi, midomo inamcheza. Mara ya kwanza nilipotega sikio nilidhani sikusikia vizuri. "Ya Rabbi," anasema, "lipotoe teke la Salum. Akose, lakini asiumie. Akose, lakini wasimtukane." Bi Faiza aliyekuwa kakaa ubavuni pake akaruka. "Bi Zayana! Unamwombea mtoto mabaya?" Bibi hata hakugeuka. "Kurudi kwao ndo mabaya?" akauliza.

Maalim Hamdan alikuwa akituingilia bila ya hodi nyingi, kwa kuwa yeye na Bibi walinyonya ziwa moja. Mzee wa watu, ndevu nyeupe, anapenda sambusa na mabishano ya dini kwa kiasi kimoja. Siku moja akamkuta Bibi katikati ya dua na kaseti inazunguka. Hakujua anaomba nini, akadhani anaomba kama wanavyoomba mabibi wote, na akaona ni wajibu wake kumsahihisha. "Dada yangu," akamwambia kwa upole, "mechi hii imekwisha kitambo. Dua gani ya jambo lililopita?" Bibi akanambia niisimamishe picha kwanza, asije akapitwa. "Limepita kwa nani?" akamuuliza. "Kwangu bado. Na Mola ana jana yeye? Ana kesho? Wakati wanacheza kule, yeye hakujua kwamba Zayana ataomba leo?" Maalim akazishika ndevu. Akafikiri sana, sambusa iko mkononi imepoa. "Hapo umenishika," akasema mwisho. "Nitaangalia vitabuni." Akaondoka, na mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, hakurudi na jibu. Ila kila akikuta kaseti inazunguka alikuwa akisema "Amin" kwa sauti, maskini, naye hajui anaitikia nini.

Nami niliipenda miezi ile. Nitasema wazi, sijapata kuwa na furaha ya namna ile mpaka nilipozaa. Kaseti ikifika, tunaitia asubuhi, kazi za nyumba zimekwisha na jua halijawa kali. Mbele yetu mbaazi za nazi na chapati, na tende mpya, maana msimu wa mpira ulianza wakati wa mavuno na nje watoto wa jirani wanaokota zilizodondoka. Nikajifunza mchezo kwa kumsikiliza mtangazaji, na nisipoelewa nabuni, na Bibi anayachukua niliyobuni anamfundisha Bi Faiza. Kipindi chote cha kiangazi tuliamini kuwa yule mwenye shati la mistari myeusi na myeupe, kumbe refa, ni mchezaji wa timu ya tatu ambaye hakuna anayetaka kumpa mpira. "Mpeni na yeye!" Bibi akisema. "Toka asubuhi anakimbia." Na kila mtu akimgusa Salum baada ya teke, akimsukuma tu, Bibi alikuwa anasimama wima. "Mwache mtoto, we mwana haramu!" Anasema hivyo, anakaa, anakamata tasbihi, anaendelea kumwomba Mola teke lijalo lipotee. Mengine yalipotea. Mengi hayakupotea. Timu yao ya jezi za zambarau ikawa inashinda, na Bibi akawa anaongeza dua.

Skuli ikafunguliwa, nikawa nafundisha asubuhi na kaseti tunazitazama nikirudi. Ndipo siku moja akaja Ami Nassor kutoka Maskati. Wasiokuwa watu wa huku nitawaeleza: hapa bara ya Oman mgeni akishakaa, na kahawa ikishamiminwa, mwenye nyumba lazima amuulize ulumu, yaani habari alizokuja nazo. Mgeni naye atasema kwanza hakuna ila kheri, kisha atatoa moja baada ya moja, za mvua, za ndoa, za waliokufa. Kutomuuliza mgeni ulumu ni kama kumwonyesha mlango. Na Ami Nassor alikuwa kazungumza na baba yake Salum kwa simu, anajua matokeo ya mechi ambayo kaseti yake bado iko njiani. Bibi alilijua hilo mara tu gari yake iliposimama. Akamuuliza hali yake. Akamuuliza mke, watoto mmoja mmoja, mguu wake, gari yake. Akafika mwisho wa kuuliza, akanyamaza. Ami kashika kikombe, anangoja. Bibi akarudi akauliza mke tena. Ami akaanza kubadilika rangi. "Mama," akasema, "huniulizi ulumu?" Bibi akamwangalia moja kwa moja. "Ulumu zako njema, naona umenenepa. Kula halwa."

Nilimsindikiza Ami mpaka garini, mtu mzima wa ofisini, karibu ya kulia. "Nimemkosea nini Mama?" akaniuliza. Nikamweleza yote, dua na sharti na kaseti. Akaegemea gari, akacheka mpaka akavua kilemba akajifutia macho. Kisha akapunguza sauti, akaangalia nyuma. "Basi nikwambie wewe?" Nikaziba masikio kwa mikono miwili. "Usinambie na mimi!" nikapiga ukelele, mwalimu mzima, katikati ya barabara. Nilikuwa sikujua mpaka pale kuwa na mimi nimekwisha ingia katika sharti la Bibi.

Mwanangu wa kwanza siku hizi anafanya kazi Nizwa. Nizwa! Mtu anasali alfajiri hapa, chai anakunywa kule. Na bado kila Alhamisi akija namuuliza Ibra kazi hakuna, na akiondoka namtilia chakula cha watu saba kwenye gari, na mume wangu ananambia Zuwena, hebu mwache mtoto. Miaka ile nilimwona Bibi ni kichekesho, na kweli alikuwa kichekesho, lakini sasa nikikipita chumba cha mwanangu kitupu najua alichokuwa akikifanya juu kule na mapazia yake ya kijani. Alimtaka mtoto wake awe karibu, basi. Alitaka kumsikia akishuka ngazi asubuhi. Kama ningekuwa na tasbihi yake sijui na mimi ningeomba nini.

Kaseti ya fainali ilifika baridi imeingia, Bibi kajifunga shali la sufu. Ijumaa iliyotangulia Salum alikuwa kapiga simu kama kawaida, na Bibi akamsikiliza namna daktari anavyosikiliza kifua. Sauti ya Salum ilikuwa imekauka, na maneno machache. "Sauti ya mtu aliyeshindwa hiyo," Bibi akanambia alipoweka simu, akaenda kutandika shuka juu. Tulikuwa watatu tu siku ya kaseti, mimi na yeye na Bi Faiza. Uwanja wote theluji. Bibi hajapata kuona theluji kwa macho yake mapya, akashika shavu. "Wanamchezesha mtoto wangu juu ya barafu!" Mechi ikaenda mbele na nyuma, wale wanapata, hawa wanapata, mpaka dakika za mwisho wako sawasawa, na mpira uko mbali na milingoti. Mtangazaji akapandisha sauti. Salum akaingia akikimbia, anapuliza vidole.

"Apate, Mungu wangu, apate," Bi Faiza anasema. "Hii ndo chansi yake." Bibi kaikamata tasbihi kwa mikono yote miwili. "Akose," anasema. "Ya Rabbi, hili moja tu. Sitokuomba jengine. Akose." Mimi nilikuwa nimeng'ata pembe ya kanga. Salum akarudi nyuma, akaja, akapiga. Mpira ukaruka, ukaenda juu, ukaenda mbali, na upepo ukauchukua taratibu upande wa kushoto, ukapita nje ya mlingoti. Nje kabisa, hata mtoto angeona. Salum akajishika kichwa. "Kakosa," nikasema, na roho yangu ikaanguka. Bi Faiza akajifunika uso na mtandio. Na Bibi, ambaye tokea atolewe mtoto wa jicho alikuwa akisali kwenye kiti, akateremka chini kwa magoti yake mabovu, akageukia kibla, akaipa televisheni mgongo, akasujudu sijda ya shukrani.

"Alisujudu?" Salum akauliza. Alikuwa kanishika mkono. "Nimekosa, na yeye anasujudu?" Nikamwambia alisujudu, paji la uso limegusa zulia. Salum akacheka mpaka hana sauti, na binti yake anatutazama sote wawili anataka kujua kinachochekesha.

Bibi akiwa bado yuko chini, mimi nikaona kitu sikielewi. Wale wa zambarau wanakimbia, wanarukaruka, wamemvamia Salum wamemwinua mabegani. Watu wazima wanalia kwenye theluji. Bibi akainua kichwa, akageuka. "Hawa wana wazimu?" akasema. "Mtu kakosa, wanambeba?" Nikachukua rimoti, nikarudisha, nikasikiliza, nikarudisha tena, mpaka nikaelewa, na hili si la kubuni. Katika mpira wa kule Kanada, mpira unaopigwa ukakosa milingoti lakini ukaenda mpaka ukatoka nyuma ya uwanja, bila ya wapinzani kuwahi kuurudisha, hauendi bure. Timu iliyoupiga inapata pointi moja. Teke la Salum lilikosa, lakini lilikuwa refu, likapita mpaka nje. Pointi moja, na muda umekwisha. Nikamweleza Bibi, bado kapiga magoti pale pale. "Sema tena," akanambia. Nikasema tena. "Kwa hivyo kakosa." Kakosa, Bibi. "Na kashinda." Kashinda.

Akashika goti, akainuka. Kisha akataka nirudishe pale wanapombeba. Salum alikuwa kavua ile kofia yake ngumu, na msimu mzima hatukupata kumwona uso wake vizuri. Nyusi zimejaa theluji, mdomo wazi, anacheka na kulia pamoja. "Simamisha hapo," Bibi akasema. Akasogea mpaka karibu kabisa na kioo. Akamgusa uso kwenye kioo kwa ncha ya kidole. "Huyu nimemlea mimi," Bibi akasema, "na hapa kwangu hakupata kucheka hivi." Akakaa chini, akajifuta pua na shali. "Mimi nimeomba akose, kakosa. Yeye kaomba ashinde, kashinda. Mola kampa kila mtu alichoomba. Sasa nikamshtakie nani?" Akaanza kucheka, tumbo linamtikisika, na sisi tukacheka naye, na hatukujua ni wakati gani kicheko chake kiligeuka kikawa kilio.

Haikuwa Ijumaa, lakini akataka nimpigie Salum pale pale. Nikamwambia huko wamelala. "Ataamka," akasema. Simu haikulia sana. "Bibi? Kuna nini?" "Kaseti imefika," Bibi akasema, simu kaishika mbali na sikio kama kawaida yake, na sote tukasikia jinsi Salum alivyovuta pumzi. Kumbe sauti ile ya Ijumaa haikuwa ya kushindwa, ni mtu aliyekuwa anaogopa. "Bibi," akasema, "kocha keshaniletea karatasi za mwaka ujao, na sijatia saini. Nakungoja wewe. Ukiniambia nije, nakuja. Kombe lisikushughulishe. Sema neno moja tu, kesho nakata tiketi." Nikamtazama Bibi. Neno lenyewe ndilo alilokuwa akiliomba tangu kiangazi, na sasa kapewa mkononi, hakuna tena wa kumwomba. Bi Faiza kanishika kiwiko. Bibi akafumba macho yake, akayafumbua.

"Uje ufanye nini?" akamwambia. "Nimewaona watu wazima wamekubeba mabegani, na umekosa. Huku, baba, hata ukipatia, nani atakubeba?"